Santuri Yenye Viatu vya Mwanangu

Mjukuu wangu aliniletea santuri yake kwangu Peckham nikiwa nakanda unga wa maandazi, kwa hiyo sikuipokea. Nilimwambia aiweke juu ya friji. Ilikaa pale mpaka nilipomaliza kukanda, nikanawa mikono, nikaivuta chini nikaitazama. Nikasema, haya, leo kuna mtu ataumia.

Kilichonishtua ni jalada. Lilikuwa picha ya mlango wa fleti ya mwanangu, ule mlango wa kijani wa ghorofa ya nne. Mbele ya mlango gazeti limetandazwa chini, na juu ya gazeti viatu vyeupe vya kazi, kimoja kimelala ubavu. Mwanangu, yaani mama yake huyo mjukuu, ni nesi wa zamu ya usiku. Viatu vya hospitali haviingii ndani kwake. Anavivua nje kwenye gazeti, anaingia peku. Mazoea hayo nilimfundisha mie, Tanga, alipokuwa mdogo, kwa ajili ya matope ya masika, naye akayahamishia Uingereza. Sasa viatu vile vilikuwa vinakwenda kukaa kwenye madirisha ya maduka.

"Mama yako umemwomba ruhusa?" nikamwuliza.

Mjukuu wangu amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusutana, lakini anajibu kwa Kiingereza. Mie Kiingereza cha kujibiwa nakiweza. Cha kuimbwa ndicho kinachonishinda, hasa kikiimbwa katikati ya magitaa. Akasema ile picha ni sanaa.

"Sikukuuliza kama ni sanaa. Nimekuuliza kama umemwomba."

Akachukua andazi la moto, akajifanya linamuunguza ulimi ili asijibu.

Yeye na mama yake walikuwa hawasemezani. Binti huyu alikuwa anasomea ufamasia, akabakiza kidogo tu amalize, akaacha, akaenda kuimba kwenye bendi. Wako wanne. Muziki wao wanauita indi, na nilipouliza indi ni nini nikaambiwa ni bendi ndogo za magitaa zisizotaka kufanana na bendi kubwa. Basi. Mama yake alipopata habari hakupiga kelele. Mwanangu hapigi kelele, ananyamaza, na huo unyamavu wake ni mbaya kuliko kelele za watu kumi. Tangu hapo mmoja alikuwa anakuja kula kwangu Jumapili, mwingine Jumatano, wasikutane. Kwa hiyo nilikuwa napika mara mbili chakula kilekile, na kila mmoja ananiuliza, kana kwamba hajali, mwenzie alikula vizuri? Nilichokuwa nakitaka mie ni kuwaona wamekaa meza moja. Hilo tu. Sikuwa nataka ufamasia wala santuri.

Na santuri yenyewe sina pa kuipigia. Nilipokuwa mdogo, mjomba wangu alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na santuri zake alizifunga kwenye kitambaa cha kitanda, hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa isipokuwa yeye na shangazi mmoja aliyekuwa na mikono mikavu. Nilidhani vitu hivyo vilikufa. Kumbe vijana wa hapa wanavinunua tena, na wengine hawana hata mashine ya kuvipigia, wanatundika ukutani. Mie nilirudisha yangu juu ya friji, jalada limeelekea ukutani, ili Jumapili mwanangu asiione.

Haikusaidia. Wodini kwao kuna nesi kijana anayependa muziki huo, akaja kazini nayo, akamwonyesha: tazama, si unakaa majengo haya? Mwanangu akatazama viatu vyake mwenyewe. Jumapili alikuja, akala, akaosha vyombo, na alipokuwa anafuta sahani akasema, "Kumbe mie ni jalada."

Nikasema, "Mlango umetoka vizuri."

"Mlango," akasema.

Sasa niwaambie albamu ilivyopokelewa, maana ndiyo ilikuwa mazungumzo ya Jumatano zangu zote. Anayepiga dramu katika bendi ni kijana wa Kihindi, mpole, mrefu mpaka anainama mlangoni kwangu. Bibi yake alizaliwa Tanga kama mie, akahamia huku na duka lao, akamfundisha mjukuu neno moja tu la Kiswahili, shikamoo, nalo analitumia kwa kila kitu, kusalimia, kuaga na kuomba chai. Yeye ndiye alikuwa ananisomea magazeti kwenye simu yake, mjukuu wangu akiwa ameziba masikio.

Mwandishi mmoja aliwapa nyota tatu kati ya tano. Nikasema pole. Kijana akasema hapana, Bibi, tatu ni nzuri, mbili ndizo mbaya. Mwingine akaandika kuwa besi inapigwa kivivu, na huyo mpiga besi hakuja kula kwangu wiki ile kwa aibu. Wa tatu akasema bendi inafanana na nyingine kumi alizokwisha kuzisikia. Mie moyoni niliona kasema kweli, maana nyimbo zote walizonipigia kwenye simu zilikuwa kwangu kama mashine ya kufulia inapofika mwisho wa kuzungusha. Nilizipenda mbili, kwa sababu hizo zilikuwa na mahali pa kupumua.

Lakini wote, waliosifu na walioponda, walitaja sauti ya mjukuu wangu. Anaimba chini chini, karibu ya kunong'ona. Mmoja wao aliandika, kijana akanisomea polepole, kwamba binti huyu anaimba kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili.

Nikaweka kikombe chini.

Kwa sababu alikuwepo. Mie nimemlea mtoto yule katika fleti ile, mama yake akirudi asubuhi na kulala mpaka alasiri, na ukuta wa pale ni kama karatasi. Tuliishi kwa kunong'ona. Televisheni tuliitazama bila sauti, tukawa tunatunga wenyewe wanachosema. Chai tuliikoroga kijiko kisiguse kikombe, na mtoto alikuwa na ufundi wa hilo kabla hajaanza shule. Akitaka kuimba anaingia chini ya blanketi. Mwandishi hatujui, hajawahi kupanda ngazi zetu, na kaliona lile blanketi kutoka huko aliko. Nilimtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameondoa vidole masikioni.

"Amekosea?" nikamwuliza.

"Kula, Bibi," akasema. Na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Basi ikaja siku ya kuisherehekea albamu. Nilikaa na mwanangu Jumapili nikamwomba aje.

"Nije kutazama viatu vyangu?"

"Uje kunitazama mie nisianguke ngazini. Ukumbi uko juu ya baa."

"Wewe unakwenda baa?"

"Naenda juu ya baa. Dakika kumi tu, kisha uende zamu yako."

Akanyamaza, nami nimemzaa, najua unyamavu wake upi ni ndiyo.

Shoga yangu anayekaa Thamesmead, mwanamke wa Mombasa, miaka mingi alikuwa anatunza wazee majumbani kwao, nilimpigia nikamwambia mjukuu anaimba, njoo na wenzio. Kosa la kwanza. Ukimwambia mwanamke wa pwani mjukuu wako anaimba, yeye anasikia harusi. Walikuja wanne, wamejipamba dhahabu mpaka viwiko, mmoja kapaka hina mbichi, manukato yanawatangulia ngazini. Tulikaa safu ya mbele, kwenye viti walivyotuletea, na nyuma yetu vijana wa Kizungu wamesimama na glasi zao, wametulia kama wako msibani. Mwanangu akaja jioni ileile, jua halijazama, koti juu ya sare ya hospitali, akasimama ukutani. Mjukuu wangu akamwona. Nilimwona anamwona. Nikasema Alhamdulillahi, nusu ya kazi imekwisha.

Hapa lazima nieleze kitu, maana wasiolelewa kwetu hawatanielewa nilichofanya. Kwetu Tanga, kwenye taarabu ya harusi, mtu hamtuzi mwimbaji ovyo ovyo. Unakaa na noti yako kiganjani, unasikiliza. Ukifika mstari unaokuhusu unainuka, unakwenda unacheza taratibu, noti juu kila mtu aione, unampa mwimbaji. Tangu hapo mstari ule ni wako. Na unaporudi kitini, yule utakayemtazama ndiye uliyempelekea maneno. Huna haja ya kumtaja, ukumbi mzima umekwisha kujua. Nilimwona jirani yangu mmoja akiinukia mstari wa mtu aliyeazima asirudishe, akarudi anamtazama wifi yake. Mpaka naondoka Tanga wale walikuwa hawajaazimana hata kibiriti. Ni habari ya sufuria ya pilau, ndefu, tuiache.

Bendi ikapiga. Wimbo wa kwanza kelele, wa pili kelele. Wa tatu ukawa mmoja wa zile mbili zangu. Ubeti wa kwanza ukapita, ukaja wa pili, na katikati ya ubeti magitaa yakanyamaza, dramu ikanyamaza, ikabaki sauti ya mtoto peke yake katika ukumbi ule. Na kwetu, mwimbaji akiachwa peke yake namna ile, ndipo anapotuzwa. Miguu yangu ilijua kabla yangu mie. Nikainuka. Shoga yangu akapiga kigelegele, wenzie wakamfuata, nikaenda nacheza, upindo wa mtandio begani, noti juu. Baunsa akaja kunizuia, kijana wa dramu akamfanyia ishara aniache. Nikampa mjukuu wangu tuzo yake mkononi, nikambusu, vijana nyuma wakapiga makelele kama wamefunguliwa kamba. Nikageuka kurudi, bado nacheza. Na kwa furaha yangu nikamtazama nani? Nikamtazama mwanangu.

Kigelegele cha shoga yangu kikakatika katikati. Yeye Kiingereza cha kuimbwa anakielewa.

Mwanangu akachukua mkoba wake. Nilimfuata mpaka ngazini, magoti yananiuma, nikamkuta chini ya taa anafunga vifungo vya koti.

"Mama," akasema, "hata huko Tanga ungenitafutia mstari mwingine."

"Mstari gani?"

"Usiniulize mie mstari gani. Umeuinukia mwenyewe, umenitazama mwenyewe."

Akaenda kazini. Niliporudi, shoga yangu alinivuta sikioni akanitafsiria. Pale magitaa yaliponyamaza, mtoto alikuwa anasema: ulilala utoto wangu wote.

Na mie nimeinuka nikaulipia. Nikamtazama aliyelala.

"Sikujua," nikasema.

"Wewe?" shoga yangu akasema. "Wewe uliyenisuta harusini pale Woolwich kwa nusu ubeti? Nani atakuamini?"

Ndiyo shida ya kuwa na sifa.

Ningemaliza mambo kesho yake, lakini kijana mmoja alikuwa amenipiga video. Bibi kizee na mtandio wake anamtuza mwimbaji wa magitaa, kigelegele nyuma. Ikaenda kwenye simu za watu. Bendi ikipiga mahali pengine, vijana nao wanasubiri ubeti wa pili, magitaa yakinyamaza wanainua noti juu, wanacheza wanakwenda mbele, wanacheza vibaya lakini wanacheza. Wale waandishi wakarudi wakaandika upya. Yule aliyesema wanafanana na bendi kumi akasema ameisikiliza tena albamu na kuna kitu hakukisikia mwanzoni. Redio ikaupiga wimbo ule asubuhi watu wakienda kazini. Kijana wa dramu alikuwa ananisomea kwa furaha, shikamoo Bibi, sikiliza hii, na mie kila neno lilikuwa linanichoma, maana najua wodini wanausikia. Walikuwa wanamwambia mwanangu, tumemwona mama yako! Anapendeza! Watu wanamwinukia mstari ule nchi nzima, na aliyeanza ni mie.

Akaacha kuja Jumapili. Nikawa napika mara moja kwa wiki, na sufuria ikawa kubwa.

Nikapanda basi kwenda kwake. Nilifika mchana, viatu viko nje kwenye gazeti, nikajua amelala. Ufunguo ninao. Niliingia, nikakaa jikoni, nikachemsha chai, nikaikoroga bila sauti. Mazoea. Alipoamka akanikuta, akakaa mbele yangu na khanga ya kulalia, macho yamevimba.

"Sikujua anasema nini," nikamwambia. "Wallahi. Niliona magitaa yamenyamaza nikainuka."

"Mama, wewe hujawahi kuinuka bila kujua maneno."

"Kwa Kiswahili. Huku mie sijui hata mtabiri wa mvua anasema nini."

Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Nililala kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nani alikuwa analipa ile fleti? Nani alimnunulia gitaa?"

"Ni wewe."

"Basi kwa nini hilo halikuimbwa?"

Nikamsogezea kikombe cha chai. Nikasema nimekuja kumwomba radhi. Akatazama jiko, sinki, kalenda ya duka la nyama.

"Hapa? Hapa jikoni hakuna aliyeniona nikiaibika. Uliinuka mbele ya watu, Mama. Ukitaka kuniomba radhi, inuka tena mbele ya watu."

"Niinukie mstari gani?"

"Utafute. Albamu ndefu."

Na alikuwa na haki. Ndivyo inavyofanywa. Tuzo mbaya haifutwi na chai, inafutwa na tuzo nyingine, palepale penye macho. Mwanangu hajakanyaga Tanga tangu utotoni, na sheria anaijua kuliko wanaoishi huko.

Jumatano mjukuu wangu alipokuja nilimnyima chakula. Nilifunika sufuria, nikakaa juu ya kiti mbele yake, nikamwambia aniambie wimbo ule wote kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, ndipo atakula.

Akasema wimbo hauwezi kusemwa hivyo, maana yake si moja.

"Hayo ni maneno ya mtu asiyetaka kusema. Haya."

Akaanza. Polepole, akisimama kutafuta maneno, mengine nikimsaidia. Kwa Kiswahili alikuwa na sauti ya mtoto mdogo, kwa sababu ndipo alipokiachia. Ubeti wa kwanza ni viatu na gazeti. Wa pili ndio ule. Akausema akitazama meza. Nikasema endelea. Akasema ndiyo basi. Nikasema sio basi, mie nimehesabu kwa masikio, kuna ubeti mwingine pale penye kelele nyingi. Akanyamaza kama mama yake. Kisha akasema:

"Nakoroga chai, kijiko hakigusi. Lala, Mama. Umebeba usiku wa watu wote. Nikikua nitakwenda kupiga kelele mbali, usiamke. Wewe lala."

Nilifunua sufuria nikapakua, maana sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Mbona hili hakuna aliyelisikia? Mbona hata magazeti hayakuliandika?"

"Magitaa," akasema. "Pale yanapigwa kwa nguvu kabisa."

"Nani alisema yapigwe kwa nguvu?"

Akala kidogo. "Mimi."

Kwa hiyo lile la kulaumu aliliweka peupe, na lile la kupenda akalizika chini ya magitaa. Nikamwambia siku moja tu, wimbo mmoja tu, yapunguzwe pale mwisho. Akaanza kusema siwezi kuelewa, ndivyo ulivyorekodiwa, watu wanaupenda vile. Nikamwambia mie nimetuzia mstari mmoja nchi nzima imeufuata, huwezi kuniambia sielewi. Akacheka. Akasema atawauliza wenzie. Kwamba mama yake anaweza kuwepo sikumwambia, kwa sababu sikuwa na uhakika, na sikutaka aimbe huku anatazama mlango.

Walikuwa na shughuli Croydon, Jumamosi mchana, katika duka linalouza santuri. Wanasukuma meza pembeni, bendi inapiga nyimbo chache, watu wananunua. Nilimpigia mwanangu nikamwambia mahali na saa. Nikasema, "Njoo uombwe radhi." Akakata simu bila kujibu, na huo sikuujua ni unyamavu upi.

Shoga yangu alikuja nami, safari hii bila dhahabu. Duka dogo, limejaa vijana, na ukutani viatu vya mwanangu vimepangwa safu, jalada baada ya jalada. Tulipewa viti. Bendi ikaanza. Sikumwona mwanangu. Wimbo wetu ukaja, ubeti wa kwanza ukapita, na kwenye ubeti wa pili magitaa yakanyamaza na vijana wakainua noti zao juu kama bendera. Shoga yangu alinishika paja akaniminya.

"Usiinuke wewe!"

"Siinuki."

"Nakujua."

Nilikalia mikono yangu. Vijana walipokuwa wanarudi nyuma ndipo nikamwona, nje ya mlango wa kioo, anasitasita, kisha akaingia akasimama karibu na kaunta. Hakuwa na sare. Alikuwa amevaa gauni, lile la zambarau la Idi.

Ubeti wa mwisho ukaja na magitaa yakashuka. Kijana wa dramu aliacha fimbo, akawa anapapasa kwa vidole tu. Watu walishangaa, nilisikia mmoja akimwuliza mwenzie wamekosea nini. Mtoto akaanza kunong'ona habari za kijiko. Nikainuka. Goti likagoma, shoga yangu akanisukuma kwa nyuma, nikaenda. Sikucheza sana. Noti juu. Nilimpa mkononi pale aliposema lala, Mama, na nilipogeuka sikumtazama mwanangu kwa pembeni kama tunavyofanya. Nilinyoosha mkono mzima, kiganja wazi, nikamwelekezea, duka lote lione maneno yanakwenda kwa nani.

Mjukuu wangu akafuata mkono wangu kwa macho. Akamwona. Mstari ukampotea.

Kijana wa dramu akaendelea kupapasa, akarudia mapigo yaleyale, akarudia tena, wale wa magitaa wakamfuata, wanamsubiri. Mwanangu hakuondoka. Alikuwa ameshika kaunta. Na mtoto akavuta pumzi akauimba mstari wa mwisho, ule wa wewe lala, kwa sauti yote. Hakunong'ona. Aliipaza mpaka kioo cha mlango kikatetemeka, mpaka shoga yangu akasema Subhanallah. Mie nimemlea, nimemwogesha, nimemkatia kucha, na sauti ile sikuwahi kuisikia.

Walipomaliza, watu wakapanga foleni kununua, na hao wawili wakajikuta wamesimama mbele ya zile safu za viatu.

"Kumbe una sauti," mwanangu akasema.

"Ninayo."

"Ulikuwa unaiweka wapi?"

Mtoto akasema, "Ulikuwa umelala." Kwa Kiswahili, na akashtuka mwenyewe kwa alichosema.

Nilishika mkono wa shoga yangu. Mwanangu akatazama ukuta wa viatu.

"Ungeniambia," akasema. "Ningevipiga brashi kwanza. Tazama hiki cha kulia kilivyo. Uingereza nzima imeona."

Ndipo mtoto akaanza kulia na mama yake akaanza kucheka, au kinyume chake, mie nilikuwa natafuta mahali pa kukaa.

Jumapili iliyofuata walikuja wote wawili, na kijana wa dramu naye, shikamoo yake mlangoni. Nilipika mara moja. Kulikuwa na kubanana mezani na mtu mmoja alikalia ndoo. Baada ya kula mwanangu alisema ana zamu usiku, akaenda kujinyoosha chumbani kwangu, na sisi watatu tukashusha sauti palepale bila kuambiana. Mjukuu wangu akawa anakoroga chai yake vilevile kama zamani. Kijana wa dramu akatoa simu, akaninong'oneza kuwa kuna mtu wa intaneti alikuwepo Croydon na ameandika. Ameandika nini? Ameandika kwamba shughuli ilikuwa nzuri ila mwimbaji ameuharibu wimbo wake bora, kwa kupiga kelele mwishoni bila sababu.

"Bila sababu," mjukuu wangu akanong'ona.

Chumbani kitanda kikalia.

"Someni kwa sauti," mwanangu akasema kutoka ndani. "Na wengine tunataka kusikia tulivyotukanwa."